Seti ya mashine, seti ya nusu au ubao mtupu? Bunduki ndefu ya Pennsylvania kwa anayeanza

SeremalaWaColumbus
Wakuu, habari za humu ndani. Niko Columbus, Ohio, kazi yangu ni makabati na milango. Baridi hii nataka kutengeneza bunduki ndefu ya gumegume, yaani inayowashwa kwa cheche za jiwe, ile iliyokuwa ikitoka kwa mafundi wa Pennsylvania miaka ya 1770 na 1780. Naona njia tatu. Kwanza, seti ambayo mbao yake imekatwa na mashine ya kompyuta, kama zile za Jim Kibler wa huku huku Ohio. Pili, seti ya nusu, mbao imechongwa kwa jumla na kazi nyingine unamalizia, kama za Jim Chambers. Tatu, unanunua ubao mtupu, mtutu na mtambo wa kufyatulia, unaanza sifuri.
Moyo wangu uko kwenye ubao. Kununua seti halafu nijisifu nimetengeneza mwenyewe naona haya. Waliopita huko mnasemaje?

MzeeTupa
Kijana, haya hizo weka pembeni. Mafundi wa Lancaster, huko Pennsylvania, wenyewe hawakutengeneza kila kitu. Mitambo mingi ya gumegume ilikuja kwa meli kutoka Uingereza, na mitutu ilipatikana kwenye viwanda vya kutoboa vilivyoendeshwa kwa maji. Fundi kama Jacob Dickert alikuwa na wanagenzi na mafundi wenzake. Kwa hiyo ukinunua mtutu na mtambo unafanya walivyofanya wao.

Sasa tuje kwenye ubao. Makabati unayajua, lakini kabati halina tundu la mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi. Tundu hilo linapita ndani ya mbao chini ya mtutu, linatobolewa kwa keekee ndefu sana, na kati yake na mfereji ambamo mtutu unalala inabaki mbao ya milimita tatu hivi. Ncha ya keekee hufuata mishipa ya mti. Mbao ya mti wa mepli yenye mawimbi, ambayo ndiyo kila mtu anaitaka, mishipa yake haitulii. Ikipotea, inatokea ubavuni au inapanda kwenye mfereji, na ubao wa bei unakuwa kuni.

Halafu mtutu. Ile mizuri ina pembe nane na ina kiuno: mnene nyuma, unapungua kuelekea mbele, halafu unapanuka tena kidogo mdomoni. Kuulaza huo kwenye mbao kwa patasi si sawa na kulaza kitu kilichonyooka. Unaupaka masizi, unaulaza, unauinua, penye doa jeusi ndipo unapokwangua. Unarudia mpaka uchoke na bado.

Kwa wa kwanza mimi nasema seti ya nusu. Mfereji na tundu vimeshafanywa, wewe unabaki na kazi ya ufundi: bamba la shaba la kitako, bamba la pembeni, kilinda kifyatuo, na kuipa shingo, pale unaposhika nyuma ya mtambo, umbo lake.

BintiRanda
Mzee nakuheshimu, ila hapo kwenye seti ya nusu sikubaliani. Ndiyo inayochosha kuliko zote. Ile mashine inayochonga mbao zake kwa kunakili umbo huacha nyama ya mbao nyingi mahali pengine na kidogo mahali pengine, na anayeanza hajui ipi aondoe. Matokeo yake bunduki nyingi za wanaoanza zinatoka nene, shingo imejaa, ukiishika unajua mtu aliogopa kukata.

Mimi nilianza na seti ya Kibler ya bunduki ya milima ya kusini mwa Marekani. Vyuma vinaingia kwenye nafasi zake karibu bila kuguswa. Kazi ni kupiga msasa, kung'arisha, kutoboa matundu ya pini na kupaka rangi. Ndiyo, hujifunzi kuchimba. Lakini umeshika mkononi umbo sahihi la bunduki nyembamba, na ubao wako wa pili utakuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Bei? Imepita dola elfu moja, lakini ukijumlisha mtutu mzuri, mtambo mzuri na mepli daraja la juu, ubao mtupu nao si rahisi kihivyo.

MwanaRungwe
Nasoma tu nikiwa Mbeya, bunduki si mambo yangu. Ila nimewahi kusoma kuhusu karakana ya Christian's Spring huko Pennsylvania, ya Wamoravian, alipofanya kazi Andreas Albrecht na baadaye Christian Oerter. Ni kanisa lile lile lililofika kwetu Rungwe mwaka 1891! Watu wa amani, na bado bunduki zao leo makumbusho yanazigombania.

MzeeTupa
Kweli kabisa. Zipo za Oerter zenye jina lake na mwaka, 1774 na 1775. Nakshi zake si mchezo.

SeremalaWaColumbus
Shikamoo Mzee. Dada BintiRanda, asante, umenipa la kufikiri. Swali jingine: nifuate mtindo gani? Naona Lancaster, Lehigh, Bedford, milima ya kusini, kichwa kinauma.

JalalaLaVitabu
Mkuu, chagua mtindo kabla ya kuchagua seti, wengi wanafanya kinyume. Asili yake ni bunduki fupi na nene ya wawindaji wa Kijerumani. Wahamiaji walikuja nayo, na huku Marekani mtutu ukarefuka, mara nyingi ukapita sentimita 100, na tundu la mtutu likapungua.

Lancaster: mistari iliyonyooka. Toka shingoni hadi kisigino cha kitako ni rula, chini vilevile. Seremala wa makabati utaipenda. Kikasha cha shaba kitakoni, cha kuwekea vitambaa vya kuzungushia risasi, mara nyingi kichwa chake kina umbo la ua.
Lehigh: kitako kimepinda kama mgongo wa samaki. Nzuri mno, lakini mkunjo ukikosea kidogo tu kila mtu anaona.
Milima ya kusini: vyuma badala ya shaba, na mara nyingi hakuna kikasha, ni kishimo tu cha mafuta ya mnyama. Nakshi karibu hamna.

Bedford iache kwanza. Mitambo yake ni myembamba na ni ya aina yake.

MzeeTupa
Naongeza moja kuhusu mtambo: usibane pesa hapo. Jiwe linapiga bapa la chuma, cheche zinaanguka kwenye kibakuli cha baruti, moto unaingia kwa kitundu cha ubavuni. Bapa likiwa laini, cheche hamna, hata mbao iwe ya mfalme. Na kabla hujachimbia mtambo, pima kitundu hicho kitaangukia wapi. Lazima kiwe mbele ya skrubu kubwa inayoziba nyuma ya mtutu, na usawa wake uendane na kibakuli. Mtutu ukikaa milimita chache mbele ya mahali pake, kitundu kinakutana na hesi za ile skrubu. Kwenye ubao mtupu hesabu hiyo ni yako peke yako.

Kwetu_Lindi
Samahani wadau, hii ina tofauti gani na gobore la kwetu? Na sheria inaruhusu?

BintiRanda
Gobore la kwetu kwa kawaida halina mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu, hii inayo, ndiyo maana inalenga mbali. Sheria: Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 haiihesabu nakala ya gumegume kama silaha za kawaida, ila majimbo yana yake, uliza kwanza. Tanzania usijaribu, kutengeneza bila leseni ni kosa.

SeremalaWaColumbus
Basi nimeamua: Lancaster, seti ya nusu, mepli yenye mawimbi ya wastani. Samahani dada, mikono inawasha, nataka kuchimba hata kidogo. Rangi je? Nimesikia habari za asidi.

BintiRanda
Hahaha haya, shingo usiogope kuikata. Rangi ni asidi ya nitriki iliyoyeyushiwa chuma. Fanyia nje, vaa glavu na miwani. Paka, acha ikauke, mbao itakuwa ya kijani kibaya, usishtuke. Pitisha joto taratibu, wekundu unatokea na mawimbi yanafunguka. Ua asidi kwa maji ya magadi, kisha mafuta ya kitani, tabaka nyembamba nyembamba.

SeremalaWaColumbus
Na yale masizi ya kuchimbia, ya taa ya mafuta yanafaa?

MzeeTupa
Yanafaa. Paka kiasi, ukizidisha kila mahali patakuwa peusi na hutajua pa kukwangua.