Mjadala: Aliyeshinda kesi ya kufutwa kazi anyimwe kazi yake kwa sababu kesi ilipita miaka 3?

Wenzangu, naleta hoja hii nikiwa tayari na msimamo, na nausema mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Mfanyakazi wa hapa Kenya ambaye mahakama imetamka kwamba alifutwa kazi kinyume cha sheria, na ambaye bado anaitaka kazi yake, hastahili kuikosa kwa sababu tu kesi ilikaa mahakamani muda mrefu. Lakini kwa sasa, miaka 3 ikipita tangu alipoachishwa, anaikosa, na wengi wetu hatulijui hilo mpaka siku hukumu inaposomwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 49, inampa jaji njia tatu za kumtendea haki aliyeshinda. Anaweza kuamuru arejeshwe katika kazi yake na achukuliwe kwa kila hali kama mtu ambaye hakuwahi kuachishwa. Anaweza kuamuru aajiriwe upya katika kazi inayolingana na ile ya awali, kwa mshahara uleule. Au anaweza kuamuru alipwe fidia isiyozidi mshahara ghafi wa miezi 12, ukihesabiwa kwa kiwango alichokuwa akilipwa siku alipoachishwa. Kabla ya kuamua, jaji anatakiwa kupima mambo kadhaa yaliyoorodheshwa, na la kwanza kabisa katika orodha hiyo ni matakwa ya mfanyakazi mwenyewe. Ila humo humo imo pia ile kanuni kongwe tuliyorithi kwa Waingereza, kwamba mtu halazimishwi kutekeleza mkataba wa kazi isipokuwa katika hali za kipekee sana, na kwa mazoea kanuni hiyo ndiyo imekuwa na nguvu zaidi. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ilitengua amri iliyokuwa imewarejesha kazini wafanyakazi 447 wa Kenya Airways waliopunguzwa mwaka 2012, na tangu hapo mawakili wa waajiri hawachoki kuitaja hukumu hiyo kila linapotokea ombi la mtu kurudishwa kazini.

Hata hivyo, hilo la uamuzi wa jaji naweza kulivumilia, kwa sababu jaji amesikiliza pande zote mbili na anatoa sababu zake. Nisiloweza kulivumilia ni la kalenda. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kikazi, ile ambayo wengi tunaiita mahakama ya leba, inasema katika kifungu cha 12 kwamba amri ya kumrejesha mfanyakazi kazini hutolewa ndani ya miaka 3 tangu alipoachishwa. Wakati huohuo, Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi miaka 3 tangu siku ileile ili afungue kesi. Tafadhali zisome sheria hizo mbili kwa pamoja. Muda wa kufungua kesi na muda wa kesi kuwa imekwisha ni mmoja, na yote miwili inaanza kuhesabiwa siku moja. Anayefungua madai yake mwishoni mwa mwaka wa pili, baada ya kuhangaika na rufaa ya ndani ya kampuni, afisa wa leba na mazungumzo ya chama, yuko ndani ya sheria kabisa, lakini haki yake ya kurudi kazini inakufa hata kabla ya mashahidi kuitwa. Na hata aliyekimbilia mahakamani mwezi wa kwanza hana uhakika, maana si yeye anayepanga tarehe za kusikilizwa.

Tuingie katika hesabu, kwa kuwa hapo ndipo dhuluma inapoonekana waziwazi. Chukua mtu aliyekuwa akilipwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Akishinda mwishoni mwa mwaka wa pili na jaji akaamuru arejeshwe kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka, malimbikizo ya mishahara ya miezi 24 ni shilingi 960,000, na kazi yake anayo. Akishinda mwezi mmoja baada ya miaka 3 kupita, kazi hana tena, na kiwango cha juu kabisa cha fidia ni shilingi 480,000, ambacho hulipwa baada ya makato ya kisheria. Kiasi hicho nacho si cha lazima. Jaji anaweza kutoa miezi mitatu au minne. Kwa hiyo, kadiri kosa la mwajiri linavyochelewa kuthibitishwa, ndivyo linavyokuwa rahisi kwake kulilipia. Sisemi kwamba kila wakili anayeomba kesi iahirishwe ana hila. Nasema sheria imemwekea mwajiri faida katika kila kuahirishwa, na sheria ya namna hiyo haipatani na Kifungu cha 41 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini.

Kuna hoja ambayo imerudiwa sana na wanaopinga mabadiliko, hasa wanaosimamia rasilimali watu: kwamba imani ikishavunjika, kumrudisha mfanyakazi ni sawa na kuwalazimisha watu walioachana warudiane. Naiheshimu hoja hiyo pale inapohusu mahali padogo. Mfanyakazi wa nyumbani, au muuzaji katika duka la watu watatu ambako mwenye duka ndiye msimamizi, mhasibu na mlipaji, huyo kweli huwezi kumrudisha kwa amri, na pengine hata yeye mwenyewe hataki. Lakini kampuni yenye mamia ya wafanyakazi si ndoa. Meneja aliyetia saini barua ya kumfuta mtu huenda alishahamia kwingine, mwenye hisa nyingi hamjui mfanyakazi huyo kwa sura, na ghala, gati au karakana bado ina kazi ileile. Imani gani hasa inayosemwa kuwa imevunjika, na ni nani aliyeivunja, ikiwa mahakama imekwisha kusema kwamba tuhuma hazikuthibitishwa?

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi hapa Mombasa kwa muda wa kutosha kuona pia upande mwingine wa ushindi, na nisingependa mjadala huu uupuuze. Mwenzetu mmoja, mtunza ghala, alifutwa kwa tuhuma za upotevu wa bidhaa. Hakuonyeshwa hesabu ya mali wala hakuruhusiwa kwenda na mwenzake katika kikao cha nidhamu, ingawa kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Alishinda kabla ya miaka 3, akaamriwa arudi. Asubuhi aliyokwenda kuripoti, mashine ya getini haikuitambua alama ya kidole chake, na mlinzi hakuwa na jina lake kwenye orodha. Alisimama nje na nakala ya amri ya mahakama mkononi mpaka karani alipotoka kumwambia asubiri mapokezi. Aliendelea kusubiri mapokezi kwa wiki kadhaa. Mshahara ulikuwa unaingia, kazi hapewi, funguo za ghala hapewi, na wenzake waliogopa hata kukaa naye wakati wa chai. Mwisho alikubali kulipwa na kuondoka, akatia saini kwamba hana dai lolote lililobaki.

Wapo wanaotumia mifano kama hiyo kusema kwamba kurejeshwa kazini hakuna maana. Mimi nauona kinyume. Kilichokosekana pale ni amri yenye maelezo: arudi katika nafasi gani, lini, akiwa na majukumu gani, na taarifa ya utekelezaji iletwe mahakamani tarehe ipi. Mwajiri anayemrudisha mtu kwenye kiti cha mapokezi hajatii amri ya kumrudisha kwenye ghala, na mfanyakazi ana haki ya kurudi kwa jaji na kulalamika kwamba mahakama imedharauliwa. Tatizo ni kwamba wengi wanafika hatua hiyo wakiwa wamechoka na wana madeni, na ada ya wakili haijalipwa yote.

Hata anayechagua fidia asidhani mambo yamekwisha. Mwajiri anaweza kukata rufaa na kuomba utekelezaji usimamishwe, na mara nyingi fedha huwekwa katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande mbili zikisubiri uamuzi. Cheti cha utumishi ni haki yake hata kama hakushinda chochote, ila nimeona watu wakikisahau na baadaye kukosa kazi nyingine kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Kwa majirani zetu wa Tanzania, sheria yao ya Ajira na Mahusiano Kazini, ilivyotungwa mwaka 2004, iliiweka miezi 12 kuwa kiwango cha chini cha fidia, wakati sisi tumeifanya kuwa dari. Aidha, ilimruhusu mwajiri asiyetaka kumrudisha mfanyakazi aliyeamriwa arudi akatae, lakini kwa kulipa mishahara ya miezi 12 juu ya mishahara yote tangu siku ya kuachishwa mpaka siku ya malipo ya mwisho. Sipendi uhuru huo wa kukataa, kwa sababu unamwachia mwenye fedha neno la mwisho. Lakini angalau pale kuchelewa kulikuwa na gharama kwa aliyechelewesha.

Pendekezo langu ni kwamba Bunge letu lirekebishe kifungu cha 12 cha sheria ya mahakama ya leba ili siku ambazo kesi iko mahakamani zisihesabiwe katika ile miaka 3, isipokuwa zile ambazo mfanyakazi mwenyewe amesababisha kuahirishwa, na kwamba mwajiri anayesema kurejea hakuwezekani atakiwe kuthibitisha hivyo kwa ushahidi badala ya kulitamka tu. Nafasi ikiwa imeshajazwa na mtu mwingine asiye na hatia, ipo njia ya pili ya kumwajiri katika kazi inayolingana, na njia hiyo haitumiki inavyostahili. Na kwa yeyote aliye katikati ya kesi sasa: kama unaitaka kazi yako, hakikisha kurejeshwa ni ombi la kwanza katika hati ya madai, na fidia iwe ombi mbadala, kwani anayeomba fidia peke yake asitarajie jaji ampe kazi.

Ningependa kusikia kwanza kutoka kwa waliorejeshwa na wakabaki kazini: mliwezaje, na mwajiri alifanya nini kilichosaidia? Na wale wanaosimamia wafanyakazi katika kampuni kubwa, nawaomba mnijibu jambo moja mahususi: ikiwa kuchelewa kwa kesi hakukutokana na mfanyakazi, kwa misingi gani yeye ndiye apoteze kazi kwa ajili ya kuchelewa huko?