Baskerville kwenye kitabu cha A5: mbona inatoka hafifu?

Kurasa180: Wakuu, habari. Ni kitabu cha hadithi, A5, fonti ya Baskerville pointi 10. Kwenye skrini inapendeza, lakini nakala ya majaribio imetoka hafifu: kistari cha katikati ya "e" karibu kipotee. Halafu mistari ina mapengo makubwa kati ya maneno. Nibadili fonti?

Mpangaji: Usibadili bado. Herufi hizi zilizaliwa Birmingham, Uingereza, miaka ya 1750. John Baskerville alitaka vistari vinene na vyembamba vya herufi vitofautiane zaidi kuliko kwenye Caslon, fonti iliyotangulia, kwa hiyo akatengeneza wino mweusi zaidi, akatumia karatasi laini, na kurasa zikishachapwa alizibana kwa sahani za shaba zenye moto. Tena herufi ya madini ya risasi ikigandamizwa kwenye karatasi, wino hutambaa kidogo na kistari kinanenepa. Faili la kompyuta halina msaada huo.

Angalia weusi kwanza. Maandishi yakiwa ya RGB (rangi za skrini), kwenye ofseti, yaani mashine inayochapa kwa sahani moja kwa kila wino, yanaweza kugawanywa katika wino nne. Sahani zikipishana kidogo tu, kistari chembamba kinaota kivuli. Weka wino mweusi peke yake, asilimia 100. Kisha panda hadi pointi 10.5, mstari hadi mstari pointi 14, pambizo ya ndani mm 20 na ya nje 18. Utapata herufi kama 65 kwa mstari.

Libre Baskerville ni ya bure na vistari vyake vina nguvu, ila ilichorwa kwa ajili ya skrini: herufi ndogo ni ndefu na pana. Pointi 9 au 9.5 yatosha, la sivyo kurasa zitaongezeka.

Silabi: Mapengo si kosa la fonti. Neno kama "hawajatuandikia" lisipokatwa linashuka zima, na mstari wa juu unavutwa ujae. Ukiacha programu ikate kwa kanuni za Kiingereza, utapata "hawajatuan-dikia", na hilo linaudhi macho. Kata baada ya irabu: hawajatua-ndikia. Kwenye Word, Ctrl na kistari huweka mkato unaojitokeza pale tu unapohitajika.

Kagua pia "ng'". Herufi ndogo "g" ya Baskerville ina sikio (kijiti kidogo) juu kulia, na kitanzi chake cha chini hakifungi. Ndiyo alama ya kuitambua fonti hii haraka, maana ile "Q" yenye mkia mrefu Kiswahili hakiitumii. Sikio hilo huweza kugusa ritifaa (alama ya ') katika "ng'ombe". Tumia ritifaa iliyopinda, si iliyonyooka, kisha ongeza nafasi kidogo baina yake na "g". Na usikate "ng'-ombe"; ni "ng'o-mbe".

Kurasa180: Asanteni sana. Vichwa vya sura je, fonti hiyohiyo?

Mpangaji: Hiyohiyo, pointi 18 hadi 20, bila kukoza. Kwa ukubwa huo vistari vyembamba ndipo vinapopendeza. Ukitumia herufi kubwa tupu, zitenganishe kidogo.