Mawe ya nyongo: nitolewe au ningoje? Nipo Lamu

Binti_Mkomani
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 34, napika mahamri na viazi vya karai vya kuuza. Tangu baada ya Maulidi nashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda begani na kunichoma mgongoni, hasa nikila kitu cha mafuta usiku. Mara ya mwisho ilikuwa saa tisa za usiku nasukuma mahamri. Nikakaa chini nimeegemea pipa la maji, mikono ingali na unga, nikatapika mpaka kukapambazuka. Ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo, kubwa lina milimita 14. Daktari kasema kitolewe kwa vitundu vidogo vya tumboni, Mombasa. Moyo wangu hautaki. Mliotolewa mnaishije? Na mliokataa mlifanyaje?

Mzee_wa_Faza
Mwanangu, usikubali kisu. Mimi nilikunywa mafuta ya zaituni kikombe kizima na ndimu, nikalalia ubavu wa kulia. Asubuhi zikatoka thelathini na kitu, kijani kama choroko. Na hayo mambo ya kupasua kwa vitundu ni ya juzi tu, msijaribiwe.

Baharia254
Yangu ilikuwa ngiri. Niliiogopa miaka sita, ikaja kunikaba tuko nje ya Kiwayu na upepo umekata kabisa. Wenzangu walipiga kasia huku mimi nauma kamba ya tanga. Nilipopasuliwa nililia kwa ile miaka sita niliyojitesa bure. Nenda dada.

Shababi_wa_Langoni
Nyongo ikitolewa mumeo ndiye atakayepona. Hutamtumbulia macho tena!

Binti_Mkomani
Kaka, sina nafasi ya kucheka.

Ummu_Salma
Mamangu, ni hilo karai. Zamani tulikula wali na mchuzi wa papa, nani aliyajua mawe ya nyongo? Tumeuacha mwili, na mwili unatuacha.

Nesi_Malindi
Mimi ni muuguzi wa wadi ya upasuaji. Dada, macho yamewahi kuwa manjano? Mkojo kama chai ya rangi, choo kupauka, homa ya kutetemeka? Ukiona hata moja usingoje ushauri wa mtu, panda boti.

Mzee wangu, kwa heshima, zile za kijani si mawe. Mafuta na ndimu hugandana tumboni yakawa kama sabuni, ukiziweka penye joto huyeyuka. Na vitundu si vya juzi: daktari Erich Mühe alitoa nyongo kwa njia hiyo Ujerumani mwaka 1985. Mawe yasiyouma mara nyingi huachwa. Yakishaanza kuuma hurudi, na jiwe dogo likiponyoka likaziba mrija linaweza kuwasha hata kongosho.

Binti_Mkomani
Manjano hapana, homa hapana. Lakini nikikawia miezi mitano tu kuna nini? Nimeacha mafuta, nakula mkate wa mofa na samaki wa kuchoma. Mama mkwe keshaninunulia hayo ya zaituni. Mombasa nimepiga simu kuahirisha. Na dawa zenyewe sizioni: usiku ule walikataa hata kunidunga dikilofenaki, wakanipa parasetamo.

Msema_Kweli
Uzi huu una kasoro. Zahanati gani hapa pwani inamnyima mtu anayegaagaa sindano ya dikilofenaki? Na kwa nini miezi mitano, si minne wala sita? Naona wewe na huyo wa zaituni ni mtu mmoja, kesho mtatuwekea nambari ya kulipia chupa.

Mzee_wa_Faza
Kijana, nina miaka 71. Siuzi kitu.

Binti_Mkomani
Sikutunga. Nina mimba ya wiki 18. Mbili za kabla yake ziliharibika, ya mwisho mwaka juzi. Ndiyo maana hatujamwambia mtu isipokuwa mama mkwe, na mume wangu yuko Kizingitini anavua kamba. Nijifungue kwanza, kisha wanikate watakavyo.

Nesi_Malindi
Basi ndiyo sababu ya kunyimwa sindano. Kumbe hata hayo mafuta usiyaguse.

Sikiliza, dada. Mimba huifanya nyongo ijikamue polepole, ndipo mawe yanapozidi. Na miezi ya kati, huko uliko sasa, ndiyo madaktari huipendelea kwa upasuaji huu: mimba imeshika na tumbo halijajaa. Hatari haikosi, sikufichi. Lakini kibofu kikija kuvimba wiki ya 34, usiku, bahari imechafuka na wewe unatafuta kuvuka Mokowe, hatari hiyo kwa mtoto ni kubwa zaidi.

Binti_Mkomani
Wewe hukuwa nami chooni mwaka juzi. Nikifikiria hiyo dawa ya usingizi inamfikia, mikono inanitetemeka.

Tabibu_wa_Punda
Mimi hutibu punda hapa kisiwani. Punda hana kibofu cha nyongo, kaumbwa hivyo. Nyongo yake inatoka ini inaingia utumboni moja kwa moja, na ndiye anayetubebea mawe na mchanga kutwa. Kwa hiyo hofu ya kuishi bila nyongo, dada, iache. Hofu ya mimba sina la kukwambia, hiyo ni yako na daktari.

Msema_Kweli
Dada, niwie radhi. Mamangu ana chumba Tudor, ukija Mombasa hulali hotelini. Nitumie ujumbe faraghani.

Mzee_wa_Faza
Ungesema mapema una mimba, nisingekutajia mafuta. Allah akuhifadhi.

Binti_Mkomani
Nimesoma yote mara mbili. Chupa nimeitia kabatini, mama mkwe sijamwambia kitu. Mume wangu kasema atarudi kesho kwa boti ya asubuhi, tupige simu pamoja tuulize kama ile tarehe ingalipo. Nesi, moja tu: mapigo ya mtoto wanayapima?

Nesi_Malindi
Kabla na baada. Waombe wakusikilizishe.