Gumzo la ukoo Mikindani: Kimbunga Kenneth kilipita, nani amuulize Mungu?

*Bamdogo:* Asalaam alaykum ukoo. Nimekumbuka ile Aprili 25, 2019, Kenneth anakuja, mashule yamefungwa, maofisi yamefungwa, watu roho juu, mwisho kikatupita kikaangukia Msumbiji. Dua za watu wa Mtwara zilijibiwa ile siku, tusisahau kushukuru 🙏

*Zai:* Waalaykum salaam bamdogo. Shukrani sawa, ila mi kuna swali linanikereketa toka siku ile. Wa Ibo na Macomia kule Msumbiji wao hawakuomba dua? Hapo ng'ambo ya Ruvuma tu, wengine ndugu zetu kabisa, misikiti ipo makanisa yapo, na kimbunga kikawafumua mapaa watu zaidi ya 40 wakafa

*Bamdogo:* Zai mwanangu hapo unaingia pabaya. Suratul Anbiyaa aya ya 23, Yeye haulizwi kwa anayoyafanya, wanaoulizwa ni wao. Kiumbe atampima Muumba kwa mizani gani?

*Zai:* Kwa hiyohiyo uliyompimia wewe asubuhi hii. Umesema katutendea wema, si umeshahukumu hapo? Kama akili yangu haifai kusema hili baya basi haifai hata kusema hili jema, tunyamaze kotekote

*Kaka Rashidi:* 😂😂 leo bamdogo kapatikana

*Shemeji Masasi:* Samahani naingilia na Ukristo wangu. Kwetu Ibrahimu alibishana na Mungu uso kwa uso juu ya Sodoma, kaanzia wenye haki 50 kashusha mpaka 10 kama mama anayenunua samaki Feri, na akamuuliza kabisa mhukumu wa dunia yote asitende haki? Wala hakupigwa radi

*Bamdogo:* Shemeji hata kwetu ipo, Suratu Hud, Ibrahimu alijadili kuhusu kaumu Lut, haohao wa Sodoma. Akaambiwa achana na hili

*Zai:* Malizia basi bamdogo. Kabla ya kuambiwa aache kasifiwa, mpole, mwenye huruma. Hakuambiwa umekufuru

*Bamdogo:* Hayo mambo wanazuoni wameshayapigania zamani. Kundi la Muutazila walisema akili peke yake inajua jema na baya, kundi la Maashari wakasema jema ni lile aliloamrisha Mungu. Sisi huku tumelelewa na hao wa pili

*Kaka Rashidi:* Kwa hiyo angeamrisha tuwadhulumu yatima ingekuwa jema??

*Bamdogo:* Hawezi kuamrisha hivyo

*Zai:* Umejuaje hawezi 👀

*Mwanaidi:* Bibi yupo hapa nimemsomea zote, anasema niandike. Kimbunga cha Lindi 1952 mwezi wa nne yeye alikuwa mtoto, minazi ililala yote. Baba yake alikaa barazani akasema kwa sauti Mungu umetuonea. Adhuhuri ilipoingia akatia udhu akaswali. Shekhe wa mtaa alikuwepo, hakumkemea, alimuuliza tu kama watoto wamekula

*Bamdogo:* Mzee alikuwa na uchungu, mwenye uchungu hasemwi. Ila kulalamika na kuhukumu ni vitu viwili

*Zai:* Tofauti yake nini?

*Bamdogo:* Nipo juu ya bodaboda nikifika ntakujibu

*Zai:* ...

*Kaka Rashidi:* Masaa matatu sasa, hiyo bodaboda inaenda Somanga nini 😂