Mrejesho: mdogo wangu aliyekuwa anaitwa chizi mtaani

Wakuu nimerudi, ni yule niliyeuliza nifanyeje mtaa uache kumuita mdogo wangu chizi tangu atoke Mirembe, hospitali ya afya ya akili kule Dodoma. Asanteni sana jamani. Bonanza la mpira mlilonishauri tulifanya Oktoba 10, siku ya afya ya akili duniani, dogo akacheza namba mbili dakika zote na sasa hivi vijana wenyewe wanampitia jioni waende mazoezi, nilitokwa machozi. Ila hotuba ya nesi kabla ya mechi ilifeli, watu walitaka mpira uanze. Benchi la bibi wa kusikiliza watu, kama lile la Zimbabwe ambako bibi waliofundishwa hukaa kwenye benchi kusikiliza wenye msongo wa mawazo, tumeanza Jumamosi chini ya mwembe, wanakuja wachache. Jirani mmoja bado anawakataza wanae wasimsogelee dogo, inaniuma.