Naomba ushauri: midomo inasali, moyo haupo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Niko Jinja, Mkatoliki tangu utotoni. Kila mwaka natembea kwa miguu hadi Namugongo kwa sikukuu ya Juni 3, walipochomwa moto mashahidi wetu mwaka 1886. Safari hii nilirudi na malengelenge miguuni na chupa ya maji ya baraka, lakini kutoka Mukono hadi Seeta nilikuwa namsengenya shemeji yangu, rozari mkononi. Inaniuma sana. Vijana wale walitoa uhai kwa kumpenda Kristo. Mimi kusamehe deni dogo tu nimeshindwa. Mama anasema niendelee kusali, moyo utafuata. Ni kweli? Au nianze kwa kupatana na shemeji, hija ingoje? Mliopitia haya, nisaidieni.