Pampu ya vakyumu ya krankikesi: injini inaihitaji kweli, au tunapamba boneti?

Mleta mada:
Wakuu, kila anayefungua boneti kuonyesha injini aliyoiongezea nguvu, siku hizi unakuta kipampu kimefungwa mbele, kinazungushwa na mkanda, na hozi nene inatoka kwake kwenda kwenye kava ya valvu. Ukiuliza, jibu ni "inavuta vakyumu chini ya injini". Sawa, ila kwa faida gani? Msimamo wangu nausema mapema: gari la barabarani halihitaji kitu hiki, na wengi wanaokifunga wanatibu ugonjwa ambao hawajaupima.

Mafuta yakiungua, gesi kidogo hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye krankikesi, lile kasha la chini ambamo kranki inazunguka. Hakuna injini ya pistoni isiyofanya hivyo, hata iliyotoka kiwandani jana. Zamani gesi hiyo ilimwagwa tu nje kwa bomba, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 California ilipoanza kudai irudishwe iungue tena, ndipo ikaenea valvu ya PCV, inayoirudisha gesi hiyo kwenye injini. Valvu hiyo inategemea mvuto (ndiyo vakyumu) wa manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, manifoldi yenye afya inavuta kama inchi 17 hadi 22 za zebaki, kipimo cha mvuto, kwa hiyo tundu la valvu limebanwa makusudi lisivute kupita kiasi. Ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, mvuto unaporomoka karibu na sifuri, na hapo hapo ndipo gesi inayopenya ringi inakuwa nyingi kuliko wakati wowote.

Pengo hilo ni la kweli, silikatai. Lakini barabarani unakanyaga hivyo kwa sekunde chache, na gesi iliyozidi hupita hozi ya upande wa pili na kurudi kwenye njia ya hewa. Kiwanda kilishalifikiria.

Mjenzi wa injini za mashindano:
Mkuu, umeeleza PCV vizuri ila pampu umeieleza nusu. Unaichukulia kama feni ya kutolea moshi jikoni. Sisi hatuifungi kwa ajili ya kutoa gesi tu, tunaifunga kwa sababu ya ringi.

Ringi ya oili inakwangua ukuta wa silinda kwa sababu ina mkazo wa springi, na mkazo huo ni msuguano unaokula nguvu kila mzunguko. Ukipunguza mkazo, nguvu inarudi, lakini oili inaanza kupanda juu ya pistoni na kuchafua mchanganyiko. Sasa shusha mgandamizo wa ndani ya krankikesi mpaka inchi 10 au 12 za vakyumu: oili haisukumwi tena kwenda juu, ringi za juu zinakaa vizuri kwenye mfereji wake, na ukungu wa oili unaoisumbua kranki ikizunguka kwa kasi unapungua. Kwenye V8 ya mashindano, hosipawa 10 mpaka 20 si hadithi. Walio na drai sampu, mfumo unaoweka oili kwenye tangi la pembeni, wanapata vakyumu hiyo hiyo kwa pampu zao za kunyonya oili, ndiyo maana huwaoni na pampu ya pili.

Mleta mada:
Hapo umenipa silaha mwenyewe. Kama faida inatoka kwenye ringi laini, zenye mkazo mdogo, basi uamuzi unafanyika injini ikiwa imefunguliwa mezani. Anayeifunga juu ya ringi za kiwandani amenunua nusu ya dawa.

Na kuna hasara ambazo wauzaji hawazitaji. Kwenye injini nyingi pini ya pistoni inalainishwa na oili inayorushwa na ukungu wake. Ukivuta sana, kupita kama inchi 14, pini inaanza kukauka, isipokuwa umeweka jeti za kuipulizia oili. Sili za kranki nazo zimeundwa kuzuia oili isitoke, si kuzuia hewa isiingie. Ukizivuta kwa ndani midomo yake inaachia, inanyonya hewa pamoja na vumbi.

Mwenye dizeli:
Mbona dizeli yangu imetoka kiwandani na pampu ya vakyumu?

Mleta mada:
Hiyo ni ya breki, mkuu. Dizeli nyingi hazina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi, kwa hiyo buusta ya breki inapewa pampu yake. Haihusiani na mada hii.

Mwenye turbo:
Langu lina turbo. Nikilikimbiza, dipstiki ya kupimia oili inaruka kutoka kwenye bomba lake na sili ya nyuma ya kranki inavuja. Fundi ameniambia dawa ni pampu.

Mjenzi wa injini za mashindano:
Hata mimi ninayezitetea nakwambia usinunue bado. Unganisha geji ya mgandamizo mdogo kwenye bomba la dipstiki, hozi ipite mpaka ndani, kisha uendeshe. Silensa inatakiwa ionyeshe mvuto kidogo. Ikionyesha mgandamizo tangu silensa, chomoa valvu ya PCV uitikise: isipogonga imeganda. Kagua hozi zote, nyingine kwa nje ni nzima ila ndani zimejaa tope jeusi la oili. Ikiwa mgandamizo unatokea turbo ikipuliza tu, angalia valvu ya njia moja iliyo kwenye hozi kati ya PCV na manifoldi; ikibaki wazi, turbo inapuliza moja kwa moja ndani ya krankikesi yako.

Hayo yote yakiwa mazima, pima uvujaji wa silinda: jaza hewa, fungua kifuniko cha oili, tega sikio. Upepo ukisikika pale, ringi zimechoka, na pampu juu ya ringi zilizochoka itakuficha tatizo huku injini ikiendelea kuisha.

Mleta mada:
Tumeelewana basi.

Mjenzi wa injini za mashindano:
Si kabisa. Gari linaloenda kazini katikati ya wiki na uwanjani mwisho wa wiki, likijengwa kwa ringi laini tangu mwanzo, ningelifungia pampu na valvu ya kudhibiti nikiiweka inchi 8 au 10. Pini zinabaki salama.

Mleta mada:
Na mkanda wa pampu ukikatika njiani? Umeziba matundu yote ya kupumulia ili vakyumu isipotee. Gesi itapita wapi kama si kwenye sili?

Mjenzi wa injini za mashindano:
Ndiyo maana kwenye kava ya valvu naweka valvu ya pili, inayofunguka kwenda nje peke yake mgandamizo ukipanda. Anayefunga pampu bila hiyo, huyo nakuachia umseme.